Watani wa jadi wanaharibu ratiba ya besiboli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku kuhusu ligi kuu mbili za besiboli Marekani, Ligi ya Taifa na Ligi ya Amerika. Tangu 2023 kila timu hucheza na nyingine zote 29, za ligi yake na za ligi nyingine. Hapo sina neno. Kinachoniudhi ni watani wa jadi. Mwaka 2025 kila timu ilipangiwa mechi sita na mtani wake wa ligi nyingine, wakati timu nyingine za ligi hiyo ilikutana nazo mara tatu tatu. Cubs wa Chicago wakapewa White Sox wa mji huohuo, timu iliyopoteza mechi 102 msimu ule. Mets wa New York wakapewa Yankees wa mji huohuo, walioshinda 94. Halafu Cubs na Mets wanagombea tiketi zilezile za mchujo, yaani mechi za kuwania ubingwa, katika Ligi ya Taifa! Mets walimaliza sawa na Reds wa Cincinnati, ushindi 83 kila mmoja, wakatupwa nje kwa matokeo ya walipokutana wao kwa wao. Mechi ya ziada ya kuamua ilishafutwa 2022.

Najua, dabi hujaza viwanja. Basi hizo mechi tatu za nyongeza zichezwe kabla ya msimu, zisihesabiwe.

Mpenzi wa besiboli