Kibao cha tanuri la chokaa kieleze kazi, si mwaka tu

Ndugu Mhariri,

Miji mingi yenye tanuri la kale la chokaa huliwekea kibao cha mistari miwili: jina la mjenzi na mwaka. Mpita njia husoma, hutazama tundu jeusi ukutani, kisha huenda zake bila kujua hapo palifanyika nini. Naziomba kamati zinazoandaa vibao hivi zianze na kazi yenyewe.

Mawe ya chokaa na makaa yalimiminwa kwa juu, tabaka juu ya tabaka. Ndiyo maana matanuri mengi yameegemezwa kwenye kilima, mkokoteni ufike mdomoni bila kupandishwa. Joto likifika kama nyuzi 900 za sentigredi, jiwe hutoa hewa ya ukaa na kupungua uzito: kilo 100 za jiwe safi hubaki kilo 56 za chokaa, inayochotwa chini kwenye tao. Mawe yalipondwa yakaribiane ukubwa, kwani makubwa mno hubaki mabichi katikati, na madogo mno huziba hewa, moto ukafifia. Moto ukizidi, chokaa huwa ngumu kuzimika, yaani kuvunjika kuwa unga au uji inapotiwa maji. Ikiingia kwenye lipu huzimika baadaye, ikavimba na kufumua vishimo ukutani. Hayo yote yanaenea katika maneno 100 na mchoro mmoja wa tanuri lililopasuliwa katikati. Mchoro huo usikosekane kabisa.

Kuhusu mwaka, hapo ndipo makosa huzaliwa. Watu huona chapa ya kiwanda kwenye tofali la ndani, hutafuta kiwanda hicho kilifanya kazi lini, kisha huandika kuwa ndio mwaka wa ujenzi. Lakini matofali ya kuhimili moto huliwa na joto, na yalibadilishwa tena na tena. Chapa inatoa umri wa tofali, basi. Ramani za zamani na hati za ardhi ni mashahidi bora. Zisipotaja mwaka, iandikwe "kabla ya" mwaka wa ramani ya kwanza inayolionyesha. Neno "la kwanza" lisitumike bila ushahidi wa maandishi.

Kibao kisipigiliwe kwenye tanuri. Skurubu za chuma hushika kutu, kutu huvimba, jiwe hupasuka. Nguzo mbili zisimikwe mbele ya tao, mbali na msingi wa ukuta, na bamba lilazwe digrii 30 hadi 45, ukingo wake wa chini ukiwa sentimita 75 hivi kutoka ardhini, ili mtoto na mwenye kiti cha magurudumu wasome pia. Bamba likiwa la alumini, boliti za chuma cha pua zitenganishwe nalo kwa washa (pete bapa) za nailoni. Bila hivyo, unyevu ukiingia, alumini huliwa pale zinapogusana.

Fedha zikibaki, nyufa zisizibwe kwa saruji, kwani hufungia maji ndani ya ukuta. Itumike chokaa ileile. Na mdomo wa juu uwekewe wavu imara kabla ya siku ya uzinduzi. Kibao huita watu, na wakishasoma hupanda juu kuchungulia shimo.

Wako,
Mpenzi wa majengo ya kale ya viwanda