Risala ya wanachama wa umoja wa hospitali, vituo vya afya na zahanati zisizo za serikali mkoani Tanga kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, Mgeni Rasmi katika mkutano wetu mkuu wa mwaka; Mganga Mkuu wa Mkoa na waganga wakuu wa wilaya; viongozi wetu wa dini; wamiliki wa vituo na waganga wafawidhi; ndugu wanachama, mabibi na mabwana. Assalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo.

Kwa niaba ya wanachama wenzangu, naomba nitangulize shukrani kwa kukubali kuacha shughuli nyingi za mkoa na kuja kuketi nasi hapa Raskazone. Wengi waliomo ukumbini waliondoka makwao kabla ya alfajiri: wapo walioteremka kutoka Lushoto na Bumbuli, wapo waliotoka Kilindi na Handeni, na wapo wenzetu wa ng'ambo ya mto Pangani, ambao kwa miaka mingi walipanga safari zao, na za wagonjwa wao wa rufaa, kwa kufuata saa za kivuko.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, huduma za afya zisizo za serikali si ngeni katika mkoa huu. Hospitali Teule ya Muheza, inayomilikiwa na Kanisa Anglikana, ilibeba kwa miaka mingi jukumu la hospitali ya wilaya, na wananchi wa milimani wanaijua hospitali ya Walutheri ya Bumbuli tangu enzi za babu zao. Vituo vya watu binafsi vina historia fupi zaidi, kwa sababu sheria ya mwaka 1977 ilizuia tiba ya kibiashara, na mlango haukufunguliwa tena hadi sheria hiyo iliporekebishwa mwaka 1991. Mara baada ya hapo vilizaliwa vyombo vya kitaifa, ikiwemo Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii mwaka 1992. Vyombo hivyo tunaviheshimu na tunavihitaji. Hata hivyo, zahanati yenye muuguzi mmoja na mteknolojia wa maabara mmoja kule Mkinga haiwezi kupeleka Dodoma au Dar es Salaam kila jambo linaloikwaza, na ndiyo maana tuliona haja ya kuwa na umoja ulio karibu, unaozijua barabara zetu na wagonjwa wetu.

Jambo lililotukusanya zaidi ya mengine yote ni madai ya bima, yaani fomu tunazotuma ili mifuko ya bima itulipe gharama za wagonjwa wenye kadi. Mwenzetu mmoja alitusimulia jinsi alivyokuwa akijaza fomu za madai usiku, baada ya kutwa nzima ya kuhudumia wagonjwa, akazituma mwishoni mwa mwezi, na miezi ikapita kabla hajapata jibu. Jibu lilipokuja, sehemu kubwa ya fedha ilikuwa imekatwa bila maelezo aliyoweza kuyaelewa. Akashindwa kulipa mshahara, na muuguzi wake akaondoka. Kituo kimoja kikilalamika, sauti yake hupotea. Lakini tulipokusanya fomu zilizokatwa kutoka kwa wanachama wote na kuzipanga juu ya meza moja, tulipata jambo la kuzungumza. Nasema kwa uwazi mbele yako kwamba makosa mengi tuliyoyakuta yalikuwa yetu wenyewe: saini ya mgonjwa iliyosahaulika, namba ya kadi iliyoandikwa vibaya, dawa isiyolingana na ugonjwa uliotajwa. Umoja ukaajiri karani wa madai anayezunguka vituoni na kukagua fomu kabla hazijatumwa. Makato yaliyobaki baada ya kazi yake ndiyo tunayoyapeleka mezani kwa majadiliano, na tunayapeleka tukiwa na karatasi mkononi. Naamini kwa dhati kwamba utetezi wa wanachama unaanzia hapo, kwa sababu anayetaka kusikilizwa hana budi kwanza kusafisha hesabu zake.

Tunakumbuka sote siku zile za Machi 2024, kitita kipya cha mafao cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yaani orodha ya huduma na bei zinazolipwa na Mfuko, kilipoanza kutumika na baadhi ya hospitali binafsi nchini zikasitisha huduma kwa wenye kadi. Hoja ya bei ilikuwa na uzito wake, na ilistahili kujadiliwa. Lakini mama aliyefika dirishani na mtoto mwenye homa hakuwa sehemu ya mjadala ule. Msimamo wetu ni kwamba umoja wa hospitali hautetei wanachama wake kwa kumtumia mgonjwa kama ngao, na tungependa msimamo huo ujulikane katika ofisi yako.

Katika ununuzi tumejifunza kwa waliotutangulia. Huko Marekani, hospitali za New York ziliunda ofisi ya kununua mahitaji yao kwa pamoja tangu mwaka 1910, na leo vyama vya hospitali vya nchi ile vinaihesabu kazi hiyo kuwa miongoni mwa huduma zao za msingi. Hapa nyumbani, mfumo wa Mshitiri ulioanzia Dodoma mwaka 2014 umeonyesha kwamba vituo vya umma vya mkoa mzima vinaweza kupata dawa zinazokosekana Bohari ya Dawa ya serikali kupitia msambazaji mmoja aliyechaguliwa. Nasi tumeanza kwa uchache, kwa glovu, dripu na vitendanishi vya maabara, na tunamlipa kwa pamoja fundi wa vifaa tiba ambaye hakuna hata mmoja wetu angeweza kumwajiri peke yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunayo maombi machache. Wanachama wetu hujaza vitabu vya MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya, na kutuma taarifa kila mwezi, lakini mipango ya afya ya mkoa inapojadiliwa hatumo chumbani. Tunaomba mwakilishi wetu apewe kiti katika vikao hivyo. Tunaomba pia ukaguzi wa vituo upangiwe kalenda moja. Kila mamlaka ina sheria yake na sababu yake njema, lakini wakaguzi wanapofika kwa siku tofauti ndani ya wiki moja, zahanati ndogo hufunga chumba cha matibabu ili kuwapokea. Tunaomba tupatiwe namba moja ya simu katika Hospitali ya Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu, inayopokelewa usiku na mchana, ili mgonjwa wa rufaa asifike mlangoni kabla ya taarifa zake.

Ombi tunaloliweka mbele ya yote linahusu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Tunaiunga mkono kwa moyo wote. Wananchi wengi zaidi watakapokuja na kadi badala ya fedha taslimu, kituo kitaishi au kufa kwa kutegemea siku ambayo madai yake yanalipwa. Tunakuomba utufikishie kwa wahusika hoja ya muda wa malipo unaojulikana na kuheshimiwa, pamoja na maelezo ya maandishi kwa kila shilingi inayokatwa. Jedwali la madai ya wanachama wetu, yaliyolipwa na yasiyolipwa, limeambatanishwa na nakala ya risala hii ambayo sasa naomba kukukabidhi.

Naomba kuwasilisha.