Kanuni ya pembe isifutwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wawindaji wenzangu wa hapa Pennsylvania wanaotaka ifutwe kanuni ya pembe, yaani ile inayokataza kumpiga kulungu dume ambaye pembe zake hazina ncha za kutosha. Kabla ya mwaka 2002, kulungu dume waliouawa walikuwa kwa sehemu kubwa wa mwaka mmoja na nusu tu, kwani pembe ya inchi 3 ilitosha kuhalalisha risasi. Tangu jimbo lidai angalau ncha 3 kwenye pembe ya upande mmoja, kwa hesabu inayotofautiana kutegemea eneo, madume wengi zaidi huvuka umri huo na kukomaa, na mwindaji hulazimika kutazama vizuri kabla ya kufyatua. Vijana wamesamehewa sharti hilo, jambo ninaloliunga mkono kwa moyo wote. Wanaolalamikia kupungua kwa kulungu wazitazame idadi za vibali vya kuwinda majike, si pembe.

Mwindaji, Pennsylvania