Ma'mdogo, si uchafu huo

Ma'mdogo, shikamoo. Naandika hadharani kwa sababu wengi wa rika lako wanalipitia hili kimyakimya. Jina lako silitaji.

Siku hizi ukicheka unaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Mkate hauli mpaka uuchovye kwenye chai, ulimi unasema unawaka, na ukiulizwa unajibu, "Utu uzima huu." Kwa kuogopa harufu unapiga mswaki kwa nguvu mpaka fizi zinatoka damu. Ma'mdogo, si uchafu huo. Mate yamepungua.

Hedhi inapoelekea kukoma, kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, homoni ya estrojeni hushuka. Joto la ghafla na jasho la usiku tunayasema. Mdomo hatuutaji, ilhali fizi na tezi za mate nazo huguswa na homoni hiyo. Mate ndiyo yanayoosha mabaki ya chakula, yanapoza makali ya asidi na kurudishia meno madini. Yakiadimika, meno huoza upesi, hasa pale shinani karibu na fizi, na fangasi wa mdomoni hupata nafasi.

Na huo ubuyu! Najua unaumung'unya ili mate yatoke. Yanatoka kweli, lakini ubuyu wa dukani ni sukari na ukali kwa pamoja, nawe unashinda nao shavuni tangu adhuhuri mpaka magharibi, katika mdomo usio na mate ya kujitetea. Pipi za ukwaju na vipande vya ndimu ni hayo hayo. Afadhali maji, funda dogo dogo, au bigijii isiyo na sukari. Mswaki uwe laini, asubuhi na usiku, kwa dawa yenye floraidi. Ukimaliza tema povu, usisukutue. Baada ya mswaki wa usiku, chai ya sukari basi.

Ila usiusingizie ukomo wa hedhi kila kitu, nakuomba sana. Baadhi ya vidonge vya presha, hasa vile vya kukojoza, hukausha mdomo, na vya mafua, mzio na msongo wa mawazo vimo. Kisukari kadhalika. Macho nayo yakiwa makavu, yanakwaruza, liseme hilo, maana kuna ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia tezi za mate na za machozi, na huwapata zaidi wanawake. Kwa hiyo tupime sukari, halafu twende kwa daktari wa meno na pakiti zote za dawa unazotumia. Ya presha usiiache kwa uamuzi wako. Na kama uliwahi kupewa dawa ya kuimarisha mifupa, aambiwe kabla hajaligusa lile gego linalocheza, kwani baadhi ya dawa hizo hufanya taya lisipone vizuri jino likishang'olewa.

Jumatano asubuhi nina nafasi. Nitakupitia saa mbili, bajaji juu yangu.