Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa kupanda mapaa ya watu

Mwangaluka ndugu wanachama, poleni na majukumu. Taarifa hii ilitakiwa iwafikie wiki tatu zilizopita, katibu amenikumbusha mpaka akachoka, lawama ni zangu. Nimeiandika kwa simu usiku kwa usiku kwa hiyo mkikuta sentensi imetoka Mwanza ikafika Musoma bila kusimama mnivumilie tu.

Mnakumbuka kwenye mkutano mkuu tulikubaliana tuachane na semina za sola za ukumbini, zile za kunywa soda huku mtu anaonyesha picha ukutani, badala yake twende majumbani kwa watu, tupande juu ya paa, tushike nyaya, tumuulize mwenye nyumba umeme unamtosha au anajikaza tu. Wazo lenyewe siyo letu. Wamarekani wanalo siku nyingi, chama chao cha American Solar Energy Society kimekuwa kikiandaa matembezi ya hivyo tangu miaka ya 1990, mtu anafungua geti majirani wanaingia wanaona sola inavyofanya kazi kwenye nyumba ya kawaida. Sisi tumeliazima, ila huku kwetu mgeni haondoki bila chai na nahisi hiyo chai imechangia mahudhurio kuliko hotuba zangu.

Tulipanga safari sita, zimefanyika tano. Ya kisiwa cha Ukara imekwama kwa nauli, nitaisemea chini.

Tulianza Buswelu, hapa hapa Mwanza, kwa mama yetu mwalimu mstaafu. Ana paneli mbili, betri moja ya kawaida ya volti 12, taa tano na tivii, basi. Wengine walifika wakaanza kuangaliana kwamba ndiyo hii tu? Halafu mama akatoa daftari. Kauntabuku limeandikwa SOLA kwa kalamu nyekundu, kila siku saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni anasoma volti za betri anaandika, na pembeni anaweka maelezo kwa ule mwandiko wake wa ubaoni. Kuna mstari umeandikwa "Jumanne, mawingu, 12.1, wajukuu wamekuja". Mwingine "12.6, wajukuu wameondoka". Tulicheka sana ila kiukweli hapo ndiyo somo lote lilipo. Betri ya asidi iliyopumzika ikisoma kama 12.6 au 12.7 imejaa, ikishuka 12.1 umeshakula karibu nusu, na ukizoea kupita nusu kila siku unaiua taratibu. Mama hakusomea umeme, amefundisha Kiswahili miaka yote, ila anaijua betri yake kama mama anavyojua homa ya mtoto. Betri ikifika 12.2 anazima tivii na hakuna mjadala.

Hesabu aliyotupigia ubaoni (ndiyo, ana ubao sebuleni) nairudia kwa ambao hamkuja. Betri ya volti 12 na ampia 100 za saa moja ina wati 1,200 za saa moja, ya kutumia kwa usalama ni nusu, 600. Tivii, king'amuzi na taa ukijumlisha zikifika wati 100 una masaa sita ya raha. Ukichomeka pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa peke yake umemaliza 500, sare za wajukuu zimenyooka na nyumba iko gizani. Ndiyo maana yeye pasi ni ya mkaa.

Safari ya pili ndiyo iliyoleta maneno. Tulipanda kule juu Isamilo kwa mzee wetu fundi mwashi na nyumba yake haina hata paneli moja. Kuna waliosema kwenye grupu mwenyekiti katupeleka kuangalia nyumba ya kawaida turudishiwe nauli. Sirudishi, na nitasema kwa nini.

Ilikuwa saa nane mchana, jua la kuchoma kisogo. Ukiingia sebuleni kwa mzee unahisi kama mtu amefungua friji. Jikoni kwake nje, kile kibanda cha bati tupu bila dari, kulikuwa na kopo la blubandi limeyeyuka limekuwa mafuta ya kunywa, la sebuleni lilikuwa gumu unalikata kwa kisu. Kiwanja kimoja, jua moja, hatua kama kumi kati yao. Mzee kafanyaje? Nyumba ameilaza ubavu mrefu uangalie kaskazini na kusini, kuta fupi ndizo zinaangalia jua la asubuhi na la jioni. Sisi Mwanza tuko karibu kabisa na ikweta, mchana jua linapita juu ya kichwa, mwezi wa sita limeegemea kaskazini kidogo na mwezi wa kumi na mbili kusini kidogo, kwa hiyo kuta za kaskazini na kusini upenu wa paa tu unatosha kuzipa kivuli. Linaloua ni lile la saa kumi jioni linaloingia kwa ubavu upande wa magharibi, hilo upenu haulizuii, pale ameweka stoo na choo na mti. Madirisha yanatazamana, upepo wa ziwani ukiingia huku unatokea kule. Na ni madirisha ya kufunguka yote, siyo haya ya aluminiamu ya kusukuma ambayo siku zote nusu imezibwa na nusu nyingine. Tumeyang'ang'ania kwa sababu yanapendeza na mimi mwenyewe ninayo, kwa hiyo simnyooshei mtu kidole.

Ila kilichonifurahisha zaidi ni jiwe. Mnajua Mwanza hukosi jiwe kiwanjani, na haya mawe tunayopigia picha yanakula jua mchana kutwa halafu usiku yanalitapika. Jirani ya mzee ukuta wake umegusana na jiwe kubwa, tulipita pale giza limeshaingia nikaweka kiganja, ukuta una joto kama chapati iliyofunikwa. Mzee jiwe lake la magharibi amelifunika na mipasheni, majani yote, jua haliligusi, na matunda anauza. Hiyo ndiyo nyumba ya kijani wandugu, siyo rangi ya bati. Nyumba isiyohitaji feni tatu inahitaji sola ndogo, na sola ndogo mnaweza kuinunua.

Safari ya tatu tulivuka maji, maana yake tulipita daraja la Kigongo-Busisi lililofunguliwa Juni 2025, sisi tuliozoea foleni ya kivuko na mahindi ya kuchoma mkononi tulijikuta tuko ng'ambo hata stori hazijakolea. Tulienda kwenye zahanati ya kijiji upande wa Sengerema kuona friji ya chanjo. Haina betri kabisa. Paneli zimeunganishwa moja kwa moja na friji, mchana inagandisha barafu iliyojengewa ndani yake, usiku barafu ndiyo inalinda baridi, chanjo zinakaa kati ya nyuzi 2 na 8 hazigandi hazipati joto. Nesi kabandika karatasi mlangoni "SODA HAPANA". Dada yetu anayeuza sato na sangara soko la samaki la Mwaloni akauliza hiyo inauzwaje nikaweke samaki, nesi akacheka, akamwambia ya kwako ni nyingine ila akili ni hiyo hiyo. Dada hakupuuza. Sasa hivi anajaza chupa za maji kwenye friza yake, jua likiwa kali anazigandisha, jioni anazima friza na hafungui mfuniko mpaka asubuhi. Betri yake imepata usingizi. Naona hilo ni jambo kubwa kuliko mengi tuliyofanya mwaka huu, kuweka baridi badala ya kuweka umeme.

Ya nne Kisesa, nitapita haraka. Tulianzia Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma kuonyesha vijana nyumba za msonge zilivyo na ubaridi chini ya nyasi, halafu tukaenda saiti ya mwanachama anayejenga kwa tofali za kufungamana, zile za udongo na saruji kidogo zinazoshindiliwa kwa mashine, hazichomwi, kwa hiyo hakuna tanuru linalomeza kuni lori zima. Mvua ikatunyeshea. Mkumbuke tu kupima udongo kabla: tia kwenye chupa ya maji, tikisa, acha utulie mpaka kesho uone mchanga umekaa chini kiasi gani na mfinyanzi juu kiasi gani, mfinyanzi ukizidi tofali zinapasuka. Na kwa kuwa tulijibanza pale tukisubiri mvua ikate tulipiga hesabu ya bati pia, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, paa la mita 100 za mraba likipata milimita 20 ni lita 2,000, ukitoa zinazomwagika na zile za mwanzo za kuosha vumbi bado tanki la lita 2,000 linakaribia kujaa. Gata zetu nyingi zinamwaga kwa jirani.

Ya tano ilikuwa kwangu Nyegezi. Nilisita, nikasema siwezi kupanda mapaa ya wenzangu la kwangu nikalificha.

Mimi betri zangu mbili zimekufa hata mwaka na nusu hazijafika. Fundi aliyenifungia simtaji, mimi ndiye niliyemwambia apunguze gharama. Kwanza nilichanganya betri kuukuu na mpya, ile kuukuu ikaivuta mpya kaburini. Pili, kutoka kwenye paa hadi betri ni kama mita ishirini na tulitumia waya mwembamba wa taa, mchana ukiushika una uvuguvugu, ule uvuguvugu ndiyo umeme wangu unapotelea njiani. Tatu, mwembe. Kuanzia saa tisa kivuli cha tawi moja kinakaa kwenye kona ya paneli, nikajua kona tu si kitu, kumbe seli zimeungana kama mnyororo, ukizuia pete moja paneli nzima inalegea. Na juu ya hapo korongo, wale wenye upara, wamefanya paneli zangu choo chao, sikuwahi kupanda kuosha. Halafu nilikuwa nimeziinua kama mlango kwa sababu ya video ya mtu wa Ujerumani, kumbe huku kwetu ukiinua nyuzi 10 hadi 15 inatosha, na hiyo ni ili mvua ioshe tu.

Nikataka kukata mwembe. Mke wangu akasema mbele ya wanachama wote, mwembe ndiyo unazuia jua la jioni, ukiukata utanunua feni, feni itakula betri, utakata mti ili ununue feni. Mama wa Buswelu akaandika kwenye daftari lake. Tumehamishia paneli upande wa pili wa paa, waya mnene umewekwa, mwembe upo na unazaa.

Makosa yetu ya mwaka. Mwanachama mmoja alikanyaga bati katikati ya kenchi likabonyea, chama kimelipa bati jipya na tumeomba radhi, kuanzia sasa unakanyaga kwenye mistari ya misumari au unabaki chini. Akina mama walilalamika kwamba wanaume ndio wanapanda wao wanaachiwa chai, na walikuwa na haki, kule Nyegezi wa kwanza kupanda alikuwa dada wa Mwaloni na ndiye aliyekiona kile kivuli. Ada zimelipwa nusu nusu, mweka hazina ana majina, sitawaaibisha hapa lakini mnajijua.

Mwaka ujao Ukara lazima, kule Bwisya umeme wa sola wa gridi ndogo uliingia 2016 na tunataka tuongee na wenye mashine za kusaga na saluni, watuambie miaka yote hiyo imekuwaje. Tukipata nafasi tupite pia mwaloni usiku kwa wavuvi wa dagaa walioacha karabai wakaingia taa za sola, watuonyeshe wanachajia wapi. Nauli tutaanza kuchanga mwezi wa kwanza, kidogo kidogo, msisubiri wiki ya mwisho. Na mwenye nyumba ya kutembelewa ajitokeze, hasa kama kuna kitu kimemharibikia.

Jambo la mwisho. Ngazi ya chama, ile ndefu ya alumini tuliyonunua kwa michango, iliondoka kwangu siku ile ya Nyegezi juu ya bajaji na haijaonekana tena. Kila ninayemuuliza anasema ipo kwa fulani. Aliyenayo airudishe kwa katibu kabla ya Jumamosi, hatutauliza maswali, kuna korongo wamesharudi.

Wabheja sana.

Mwenyekiti