Mtuandikie na siku ya kuivua kola

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu walioumia shingo kwa kugongwa nyuma wakiwa garini. Mimi ni fundi cherehani. Kutwa nzima nimeinama.

Tulikuwa tumesimama kwenye taa, gari likatuvaa kwa nyuma. Kichwa kikarushwa nyuma, kisha mbele. Siku ile sikusikia maumivu. Kesho yake sikuweza kuinua kichwa kitandani bila kukishika kwa mikono miwili. Eksirei ikaonyesha mifupa yote 7 ya shingo ni mizima. Nikapewa dawa za maumivu na kola ya shingo, ile inayovaliwa ili shingo isijongee, nikaambiwa nipumzike. Hadi lini? Sikuambiwa, wala sikuuliza. Nilikaa nayo wiki 6, hata usingizini.

Shingo ikakakamaa. Nikiitwa, nageuka mwili mzima.

Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, aliivua kola siku ile ile aliyonipima. Akanieleza kuwa misuli isiyotumika hunyong'onyea, na kwamba shingo isiyovunjika hupona vizuri zaidi ikianza kujongea mapema. Nililia kwa woga. Naamini woga ule ulinichelewesha kama kola yenyewe.

Mazoezi ni madogo mno, mtu anaweza kuyadharau. Unalala chali, unaitikia "ndiyo" kwa kidevu tu bila kuinua kichwa, unashikilia sekunde 10, unarudia mara 10. Hiyo ni kuamsha misuli iliyojificha nyuma ya koo. Kisha kugeuza shingo huku na huku mpaka panapoanza kuvuta, na kukaza mabega kwa nyuma. Tena nilikuwa na kizunguzungu, hata kutunga uzi kwenye sindano kulinishinda. Kwa hilo nilikazia macho kidole gumba huku nikigeuza kichwa taratibu. Wiki ya kwanza zoezi hilo lilinitia kichefuchefu, lakini ndilo lililonirudisha kwenye cherehani, nusu saa kwanza, kisha saa nzima.

Sisemi kila mtu avue kola leo. Aliyevunjika mfupa, au anayesikia ganzi au mikono na miguu kulegea, asubiri kauli ya daktari. Ila nawasihi wanaotupatia kola: mnapoandika dawa, tuandikieni na siku ya kuivua, na mtuelekeze kwa wa kutufundisha mazoezi siku hiyo hiyo.

Wako,
Fundi cherehani