Kabla ya Kusema Tinti Ni Feki: Jinsi ya Kusafisha na Kutunza Vioo Vyako

Malalamiko tunayoyapokea mara nyingi kuliko mengine yote katika karakana yetu hapa Kinondoni yanahusu tinti iliyochubuka, iliyoingia ukungu au iliyoanza kuachia kwenye kingo, na karibu kila mara huja yakiwa yamekwisha kutolewa hukumu: "Mliniwekea feki." Hivi karibuni mteja mmoja alituandikia ujumbe mrefu wa kudai arudishiwe fedha zake zote, na tulipoliangalia gari lake tukakuta sababu ileile ambayo tumeieleza kwa wengine wengi: namna vioo vinavyosafishwa. Tumeona ni heri tuiandike hapa kwa kirefu, ili anayetaka kutulaumu atulaumu kwa lile lililo letu.

Jambo ambalo wateja wengi hawalijui ni kwamba tinti hubandikwa upande wa ndani wa kioo. Ni karatasi nyembamba ya plastiki ya poliesta, yenye gundi upande mmoja na tabaka gumu la kuzuia mikwaruzo upande wa pili, na tabaka hilo ndilo linalotazama viti vyako. Kwa hiyo mvua, kokoto za barabarani na raba za waipa haziigusi kabisa. Kinachoigusa kila wiki ni mkono wa mtu anayesafisha ndani ya gari, na kwa magari mengi ya Dar es Salaam mkono huo ni wa kijana wa sehemu ya kuoshea magari, ambaye ana magari mengine yanayomsubiri na kitambaa kimoja cha kufanyia kila kitu.

Gari lenye malalamiko likifika hatuanzi kwa kubishana. Tunaliegesha kivulini, tunamulika kioo kwa tochi kwa mshazari, kisha tunasoma mikwaruzo. Mikwaruzo ya duara duara, iliyosongamana katikati ya kioo na kupungua pembeni, ni ya kitambaa chenye mchanga: mtu alifuta dashibodi iliyojaa vumbi, kisha kwa kitambaa kilekile akahamia kwenye kioo. Mistari iliyonyooka kutoka juu hadi chini ni ya chembe za mchanga zilizonasa kwenye raba ya mlango, pale kioo kinapozamia, kwa maana kila unaposhusha kioo ili ulipie maegesho au ununue maji kwenye foleni, chembe zilezile hupita palepale. Alama fupi zenye ncha ni za wembe au za stili waya, na tumewahi kukuta nyuzi za stili waya bado ziko kwenye zulia la gari huku mwenye gari akiapa kwamba vioo vyake havijaguswa na mtu. Hatukumshangaa, kwa sababu yeye alikuwa amekaa kwenye benchi akinywa soda wakati gari lake likioshwa.

Adui wa pili haachi mikwaruzo, na ndiyo maana ni vigumu zaidi kumwamini anayemtaja. Dawa nyingi za kusafishia vioo zinazouzwa madukani zimetengenezwa kwa ajili ya vioo vya nyumba na zina amonia, ile yenye harufu kali inayopanda puani. Kwenye kioo kitupu amonia haina madhara, bali kwenye tinti hushambulia rangi na gundi. Siku ya kwanza hutaona kitu; kioo kitang'aa na utafurahi. Ukiendelea kuipulizia kila wiki, karatasi huanza kuwa na ukungu usiofutika, kingo hukakamaa na kujikunja, na kisha hewa huingia chini yake. Soma lebo ya chupa kabla ya kununua, na kama lebo haisemi kitu lakini harufu inakutoa machozi, iache dukani.

Sabuni ya unga nayo ni ya kuepukwa, kwa sababu chembe ambazo hazijayeyuka hukwaruza. Gazeti, ambalo madereva wa zamani wanalisifu kwa kung'arisha kioo, ni gumu mno kwa plastiki. Upande wa kijani wa dodoki la vyombo hatuna haja ya kuuzungumzia.

Njia tunayoitumia sisi wenyewe ni rahisi kiasi kwamba wateja hudhani tunawaficha nyingine. Gari likae kivulini mpaka kioo kipoe, maana maji ya sabuni yakikaukia kwenye kioo cha moto huacha madoa. Chukua maji safi, tia matone machache ya shampuu ya watoto au sabuni laini ya maji, na uwe na vitambaa viwili vya maikrofaiba ambavyo havijawahi kugusa rimu wala zulia. Lowesha kitambaa, usipulizie maji moja kwa moja kwenye kioo, kwa sababu maji huteremka hadi kwenye swichi za mlangoni na hapo utakuwa umehama kutoka kwa fundi wa tinti kwenda kwa fundi umeme. Shusha kioo kidogo, futa ukingo wa juu kwanza, kipandishe, kisha futa sehemu iliyobaki bila kukandamiza na umalizie na kitambaa kikavu. Mara mojamoja pitisha kitambaa chenye unyevu kwenye raba za milango, hasa ukiwa umetoka safari ya barabara ya vumbi. Kazi yote haimalizi muda wa kunywa chai.

Tinti mpya ina masharti yake. Tunapobandika tunatumia maji yenye sabuni kidogo, na maji hayo hukamuliwa kwa raba lakini hayaishi yote. Mabaki hukauka taratibu kupitia kwenye karatasi yenyewe. Ndiyo maana katika siku za mwanzo unaweza kuona vipovu vidogo vya maji au kioo kikawa kama kina ukungu, na katika masika, Machi hadi Mei, hali hiyo hukawia zaidi kuondoka kwa sababu ya unyevu wa hewa. Usishushe vioo kwa siku tatu au nne, na usivisafishe kwa ndani kabla gundi haijashika vizuri. Sisi huwaambia wateja wasubiri wiki mbili. Kuna aliyeona vipovu hivyo usiku, akavitoboa kimoja kimoja kwa sindano, na asubuhi akatuletea gari akitaka tumwekee nyingine bure. Vipovu vya maji huisha vyenyewe. Matundu ya sindano hayaishi.

Tunawaomba pia mashabiki wa Simba na Yanga, ambao tunawapenda wote, wabandike stika zao upande wa nje wa kioo cha nyuma. Stika ikibandikwa ndani, siku ya kuibandua huondoka na kipande cha tinti. Vivyo hivyo mapazia ya jua na vishikilia simu vyenye mpira wa kunyonya: vibandike kwenye kioo kisicho na karatasi.

Njia ya mkato inayogharimu kuliko zote ni ya kubandua tinti ya zamani mwenyewe kwa wembe ili kukwepa gharama ya kubanduliwa. Kwenye kioo cha mlango unaweza kunusurika. Kioo cha nyuma kina mistari myembamba inayopitisha umeme wa kukipasha joto ili ukungu uondoke, na mistari hiyo iko upande uleule wa ndani, chini ya tinti. Kwenye baadhi ya magari antena ya redio nayo iko hapo. Mteja mmoja mwenye Harrier alifanya hivyo nyumbani kwake, akakata mistari kadhaa, na kwa kuwa alikuwa akiishi Dar es Salaam hakuona tofauti yoyote. Alihamishiwa Njombe, na ilipofika Juni, asubuhi kioo cha nyuma kikawa cheupe pe kwa ukungu. Mstari mmoja uliokatika huweza kuungwa kwa rangi maalumu inayopitisha umeme, lakini yake iliyokatika ilikuwa mingi, na bei ya kioo kizima ilizidi mara nyingi ile aliyokataa kutulipa. Sisi hubandua kwa mvuke, taratibu, kisha tunalainisha gundi iliyobaki mpaka itoke bila chuma kugusa mistari. Ni kazi ya saa kadhaa, na hatutaipunguzia bei kwa sababu mtu fulani mtaani anaifanya kwa dakika kumi.

Kuhusu bei ya kuweka, tunajua kwamba watu huulizia bei ya roli la tinti Kariakoo kisha huja kutupigia hesabu mbele yetu. Hesabu hiyo husahau kwamba sehemu kubwa ya kazi ni kuosha kioo kabla ya karatasi kukigusa, na kwamba kioo cha nyuma kimepinda, hivyo karatasi hutandazwa kwanza upande wa nje, hupulizwa hewa ya moto mpaka isinyae na kufuata umbo lake, ndipo huingizwa ndani; ikikunjika mara moja inatupwa, na hasara ni yetu. Karatasi ya rangi ya bei ya chini hugeuka zambarau juani hata ukiisafisha kwa maziwa. Ukiichagua tutakuwekea, lakini tutakuambia hivyo kabla hujalipa. Karatasi ya kaboni au ya seramiki haina tabia hiyo.

Wapo pia wanaohisi wamepunjwa kwa sababu ya uwazi wa milimita moja au mbili ukingoni juu. Tunauacha makusudi, kwa kuwa karatasi inayofika ukingoni kabisa hukwanguliwa kioo kinapopanda na huanza kuchanika hapohapo. Vidoti vyeusi vya kiwandani pembezoni mwa kioo cha nyuma navyo huzuia karatasi kulala sawasawa, ndiyo maana hapo huonekana weupe.

Tinti ikiachia yenyewe au ikibadilika rangi ndani ya muda wa dhamana, tunaibadilisha bila maneno. Mikwaruzo haimo kwenye dhamana, na haisuguliki ikaisha: karatasi ya kioo hicho hubanduliwa na kuwekwa nyingine. Unaweza kubadilisha tinti ya kioo kimoja tu, ila kama zile nyingine zimekaa juani miaka kadhaa, mpya itaonekana imekolea zaidi kidogo. Leta gari tuipime kando ya zile za zamani kabla hatujakata karatasi. Kupima na kukagua hatutozi.